Farasi ana tabia, sasa tangazo liseme nini?

Barua ya kwanza

Habari ya leo mama. Mimi ni saisi, mtunza farasi, hapa Karen, Nairobi, kazi hii nimeifanya miaka kumi na moja, naomba jina langu usiliweke. Bosi wangu ana farasi jike alimtoa kwa watu wa mbio, binti yake ndio alikuwa amuendeshe lakini binti ameenda kusoma ng'ambo na farasi amebaki mzigo. Shida ni kwamba ana tabia. Ukimpanda mkiwa wawili tu wewe na yeye mkifika geti anagoma, ukimsukuma anasimama na miguu ya nyuma, amefanya hivyo mara tatu tangu Januari na hio mara ya tatu mimi ndio nilikuwa juu, nikaanguka nikaumia bega. Akitoka na wenzake hana maneno kabisa. Sai bosi anataka nimpige picha nzuri tuweke kwenye magrupu ya WhatsApp na maneno ameshaniandikia, "jike mrembo, mpole, yuko tayari kwa mpandaji yeyote, laki mbili, maelewano yapo". Nikamuuliza na ile kusimama je, akasema hio mnunuzi ataijua mbele ya safari, kila mtu huuza hivyo na kizuri chajiuza. Tena amesema siku watu wakija kumuona nimkimbize asubuhi mpaka achoke ndio wamkute ametulia. Mama nina watoto wawili na nyumba ninayokaa ni ya hapo hapo kazini. Nikikataa natoka mimi na watoto. Nikinyamaza na mtu aumie, hio naibeba mimi ama bosi? Na kusema ukweli, tangazo la ukweli linaweza kweli kuuza farasi kama huyu?

*Saisi, Karen*

Jibu

Pole sana na bega, na kama hujapigwa eksirei nenda wiki hii usingoje, kuumia ukiwa kazini ni jambo linalomhusu mwajiri, kuna sheria ya fidia ya mwaka 2007 na si hisani akikulipia hospitali.

Barua yako nimeisoma mara mbili alafu nikaiweka chini nikatoka nje kidogo. Baba yangu alikuwa saisi. Sisi tumekulia Dagoretti na yeye alikuwa anatembea alfajiri kwenda stebo, pale farasi wanapolala, sijui kama wasomaji wengi wanajua ile kazi, saa kumi na moja mtu ameshafagia na kubeba maji na kupiga brashi wanyama wanne kabla wenye farasi hawajaamka. Kuna farasi mdogo, dume aliyehasiwa, mweupe, aliuzwa pale kwa familia moja kwa maneno "mpole kwa watoto". Na kweli alikuwa mpole, isipokuwa akisikia lori nyuma yake anatimka, na kila mtu pale stebo alijua, baba alijua, mwenye kuuza alijua. Wiki ya tatu lori la mchanga likapita na msichana wa miaka tisa akavunjika mkono. Familia ikamrudisha farasi na aliyetumwa kwenda kumchukua ni baba. Anasema alimkuta yule mtoto amekaa barazani na plasta mpaka juu ya kiwiko, mtoto akamuuliza, "Wewe si ndio ulikuwa unamtunza? Mbona hukuniambia?" Hakumuuliza yule aliyeuza, alimuuliza yeye. Baba alitusimulia hayo akiwa mzee sana na bado yalikuwa yanamtoa machozi.

Kwa hivyo swali lako la nani anabeba, mimi naona wewe ulishalijibu ndani yako ndio maana umeandika. Kisheria mwenye mali ndiye muuzaji. Lakini mnunuzi akifika hapo hamuangalii bosi, anakuangalia wewe, manake anajua wewe ndio unaishi na huyo mnyama.

Tuanze na farasi mwenyewe kabla ya tangazo, manake kila mtu anasema ana tabia na hakuna aliyeuliza ameipata wapi. Farasi wa mbio huanza kupandwa akiwa na miaka miwili hivi. Kuanzia hapo maisha yake yote ni kundi, anatoka na wenzake asubuhi, anakimbia na wenzake, anarudi na wenzake. Ukivuta hatamu yeye amefundishwa kwamba hapo ndipo pa kuegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kuongeza mwendo, sio kusimama. Mpandaji wake hurushwa juu mgongoni mnyama akiwa anatembea, kusimama tuli mtu apande akitumia kistuli hajawahi kuona. Sasa farasi kama huyo unamtoa kwenye uwanja wa mbio wa Ngong Racecourse unamleta kwenye kiwanja cha Karen, unamwambia atoke getini pekee yake apite kando ya barabara boda zinapiga honi na gunia la plastiki limenasa kwenye ua linapepea. Anagoma kwa sababu anaogopa na hajui unataka nini. Hio inafundishika, ila inataka mtu mwenye subira na miezi, sio wikendi.

Upande wa pili ni maumivu, na hapa naomba umshawishi bosi kabla hajauza chochote. Farasi anayesimama na miguu ya nyuma mara nyingi ana kitu kinamuuma. Mgongo, au tandiko lilitengenezwa kwa mgongo mwingine linambana mabegani. Meno, manake meno ya farasi yanaendelea kujisukuma nje miaka yote na kingo zake zinakuwa kama wembe, zinakata shavu kila lijamu likivutwa, na kama meno hayajapigwa tupa kulainishwa mwaka mzima hapo tu ni sababu tosha. Na vidonda vya tumbo, farasi waliotoka mbioni wanavyo sana, wamelishwa nafaka nyingi nyasi kidogo na wamefungiwa masaa mengi, wakati tumbo la farasi linatoa asidi mchana na usiku awe anakula au hali. Daktari wa mifugo amkague. Akipatikana na kitu kikatibiwa huenda ile tabia ikapungua, na bei ikapanda pia, hio bosi ataisikia haraka.

Sasa tangazo. Mimi ninavyoona uongo mwingi kwenye matangazo ya farasi haukai kwenye sentensi ya uongo mtupu kama hio ya bosi wako, unakaa kwenye maneno ya sifa. Mpole. Mchangamfu. Ana nguvu. "Anahitaji mpandaji mwenye uzoefu", hio ndio imechoka kabisa, inaandikwa kwa farasi anayevuta kidogo na inaandikwa kwa farasi aliyempeleka mtu hospitali, maneno ni yale yale, na mnunuzi akijiona ana uzoefu kwa sababu alipanda farasi wa kukodi ufuoni Mombasa mara tano, anakuja. Sifa kila mtu anaisoma anavyotaka. Kitendo hakisomeki vingi. Ukiandika "amesimama na miguu ya nyuma mara tatu tangu Januari, zote tukitoka getini bila farasi mwenzake" hakuna mtu ataelewa vibaya. Mama mwenye mtoto wa miaka kumi atapita. Kijana anayejua kufundisha farasi atasimama na kusoma tena, manake umemwambia kitu anachoweza kufanyia kazi, amejua ni wapi na ni lini.

Ningeandika hivi, na wewe ubadilishe kulingana na unavyomjua (thorobredi ni aina ya farasi wa mbio, na mikono ni kipimo cha urefu wa farasi):

*Anauzwa farasi jike, thorobredi, rangi ya kahawia, miaka 7, urefu mikono 15.3. Alikimbia mbio, ameacha miaka miwili. Akiwa na wenzake anatoka vizuri barabarani na msituni. Peke yake anagoma getini na akilazimishwa husimama na miguu ya nyuma, amefanya hivyo mara tatu mwaka huu, mara moja mpandaji alianguka akaumia. Ni mtulivu kushikwa, kupigwa brashi, kupandishwa lori na kwa fundi wa kwato. Chanjo ziko sawa na karatasi zipo. Amekaguliwa mgongo, meno na tumbo, ripoti tutakuonyesha. Si wa mtoto wala wa mtu anayeanza. Anafaa mtu anayefundisha farasi au shamba lenye farasi wengine. Mnunuzi akaribishwe kuja na daktari wake, na kuja zaidi ya mara moja.*

Ona kwamba mazuri yake yapo pia, na yanaaminika kwa sababu yamekaa karibu na mabaya. Hio ya fundi wa kwato na lori mimi ningeipa uzito mkubwa, farasi asiyesumbua kwenye lori ni raha sana na wauzaji husahau kuiandika, wanang'ang'ania "mrembo" wakati picha iko hapo juu.

Utauza? Nadhani utauza ila sio laki mbili, na sio wiki ya kwanza. Watakupigia watu wachache. Lakini hao wachache watakuwa wamesoma, hutapoteza Jumamosi nne ukionyesha farasi kwa watu wanaotoka mbio akigoma. Na nchi hii watu wa farasi ni wachache mno, Karen na Lang'ata na kule Limuru na Naivasha wote wanajuana, fundi wa kwato ni yule yule, daktari ni yule yule. Farasi huyo akirudishwa wiki ya pili, mwezi huo huo kila grupu litajua na kila anayemfikiria atauliza kwa nini alirudi. Bosi wako ananukuu kizuri chajiuza lakini ameikata katikati, methali inaendelea, kibaya chajitembeza, na yeye ndio anataka kumtembeza na kumpaka rangi.

Kuhusu kumchosha asubuhi, hapo usikubali, hata kama mengine utayumba. Manake hapo umetoka kunyamaza umeingia kudanganya kwa mikono yako mwenyewe. Na ni hatari, yule mgeni atapanda mnyama aliyechoka ajione anamweza alafu Jumatatu ampande akiwa amelala vizuri na ameshiba. Farasi kama huyo ana kilo mia nne na hamsini na kitu. Akienda wima mpaka apinduke nyuma mpandaji yuko chini yake, sihitaji kukuambia wewe, ulikuwepo.

Nyumba na kazi ndio pagumu na sitajifanya naona njia rahisi. Usiende kwa bosi na neno uongo, akilisikia tu atafunga masikio. Nenda na hesabu. Mwambie, bosi, nimefikiria, huyu tukimuuza mpole akarudi tutakuwa tumelipa lori mara mbili na tumeharibu jina, mimi naomba tumuite daktari kwanza alafu tuandike kwamba ni farasi wa kufundishwa. Mwambie pia kwamba ukiandika kitu kwenye tangazo kinakufunga. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kifanane na hayo maelezo, kwa hivyo "mpandaji yeyote" ni ahadi, na skrinshoti mnunuzi anayo. Na Katiba ya 2010 kwenye Kifungu cha 46 imetaka kabisa pawe na sheria ya matangazo ya haki na ya ukweli. Mtu mwenye mali huwa anaogopa kesi kuliko anavyoogopa dhambi, sio vizuri lakini ndio hivyo, tumia.

Akikataa yote hayo, tangazo aliandike na kuliposti yeye kwa simu yake, sio yako. Na siku mnunuzi akikuuliza wewe uso kwa uso, "huyu ana shida yoyote?", mjibu. Kwa sauti ya kawaida, maneno machache, "getini peke yake husimama, mimi ameniangusha". Najua ninachokuomba kinaweza kukugharimu nyumba na nimelifikiria usiku mzima kabla ya kuandika, na bado nakuomba, kwa ajili ya yule atakayepanda.

Barua ya pili

Sasa mama, mimi niko Rongai, wikendi huwa napeleka farasi wawili kwenye mashughuli watoto wapande wapigwe picha. Mwezi jana nikanunua wa tatu elfu mia na ishirini, tangazo lilisema ametumika na watoto miaka mitatu na nikamwambia muuzaji waziwazi ni wa biashara ya watoto akasema hakuna shida. Nilipofika nilimkuta ameshatandikwa, ana jasho chini ya tandiko, kichwa kimeinama amepoa kabisa kama amelala. Nikampenda nikalipa M-Pesa hapo hapo. Siku ya tano akaanza kuuma, siku ya nane akampiga teke kijana wangu kwenye paja. Muuzaji ameniblock. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia ama nina haki?

*Mwenye farasi, Rongai*

Jibu

Kwanza usimpeleke kwa watoto tena hata siku moja, hata akionekana ametulia, hio ndio ya muhimu kuliko pesa.

Ulichokiona siku ile sasa unakielewa. Jasho chini ya tandiko kabla hujafika maana yake alikuwa amekimbizwa. Kichwa chini, mdomo wa chini unaning'inia, macho mazito, inaweza kuwa uchovu na inaweza kuwa alipewa dawa ya kutuliza, zipo na daktari huzitumia kihalali wakati wa kushona kidonda au kupiga tupa meno, tatizo ni zinapotumika sokoni. Kuna pia dawa za maumivu zinazomfanya farasi kilema atembee vizuri siku mbili tatu. Kule Uingereza ni kawaida daktari anayemkagua farasi kwa niaba ya mnunuzi kuchukua damu siku hio hio na kuihifadhi miezi sita, ukitokea ubishi inapimwa. Wewe sai umechelewa, baada ya mwezi damu haitakuambia kitu.

Lakini unayo mengine. Tangazo lilisema ametumika na watoto na wewe ulisema kazi yake ni watoto, kama hayo yapo kwenye chati uko pazuri. Weka skrinshoti zote, ujumbe wa M-Pesa, picha za paja la kijana na karatasi ya hospitali, na umuite daktari wa mifugo aandike ripoti ya huyo farasi alivyo leo. Alafu mtumie muuzaji barua, sio kupiga kelele, barua yenye tarehe unamwambia unamrudisha farasi unataka pesa zako na unampa siku kumi na nne. Asipojibu nenda Mahakama ya Madai Madogo, inasikiliza madai mpaka shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria yake inataka kesi iishe ndani ya siku sitini. Wakati unangoja mtunze vizuri, mlishe, usimpige, manake hata yeye hakuandika lile tangazo.

Siku nyingine ukienda kununua, omba umkute shambani hajashikwa. Uone anavyoshikwa, anavyotandikwa, umshike tumbo na mgongo uone kama anabana masikio nyuma, dalili kwamba panamuuma au hataki. Muuzaji ampande kwanza, na akikataa kumpanda wewe usipande. Atolewe nje peke yake awaache wenzake. Alafu rudi siku nyingine bila kupiga simu.

Barua ya tatu

Mama, nauza farasi wangu wa miaka 19 kwa sababu nahamia Kisumu. Ni mtulivu lakini akila nyasi kavu yenye vumbi anakohoa. Rafiki zangu wanasema nikiandika kikohozi hakuna atakayemtaka. Niandike?

*Msomaji, Lang'ata*

Jibu

Andika, na uandike pia unachomfanyia. "Anakohoa kwenye vumbi, nyasi yake kavu huloweshwa maji kabla ya kupewa na analala nje" ni sentensi moja na mnunuzi anaona kwamba ni jambo la ndoo ya maji tu, akigundua mwenyewe usiku wa kwanza atadhani ni mapafu yameisha. Taja umri wake kamili usipunguze, mtu akifungua mdomo wake ataona meno. Kwa miaka hio mimi singetafuta bei kubwa, ningetafuta mtu mwenye farasi mwingine na kiwanja cha nyasi mbichi. Muombe namba umpigie baada ya wiki mbili, na ukimpeleka mpelekee na ile ndoo yake na kamba yake aliyozoea.